Kujadili Peke Yangu Kizota

Darasa letu la jioni lilikuwa la kuazima. Mchana lilikuwa la watoto wa darasa la kwanza na madawati yalikuwa ya kimo chao, kwa hiyo sisi watu wazima tulikaa magoti yakigusa masikio. Ungeniona nilivyokunjwa pale ungedhani ni mwamvuli uliosahauliwa na mwenyewe. Lakini nilipapenda. Baada ya kutwa nzima ya kuchomelea mageti katika karakana moja ya Kizota, hapa Dodoma, kelele za grenda zikiwa bado zinazunguka kichwani kama nyuki waliokosa mzinga, kukaa mahali ambapo mtu mmoja anazungumza na wengine wananyamaza ilikuwa starehe ya kifalme.

Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita, mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo mengine niliamini nitayavuka kwa mwandiko mzuri na huruma ya Mungu. Roho yangu yote ilikuwa kwenye sosholojia, elimu ya jamii. Humo nilihitaji A. Nilikwisha kupiga hesabu zangu za kuingia chuo, nikazipiga tena kwa mkono wa kushoto kuona kama zitabadilika, jibu likawa lile lile: bila A ya sosholojia, sahau. Chuo chenyewe kiko kule mlimani. Madirisha kadhaa ya bweni moja la kule tuliyachomelea karakanani kwetu, na mengine nilikwenda kuyafunga mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya ngazi, nje, jua likinichoma mgongo. Nilichotaka maishani kilikuwa kidogo tu: siku moja nichungulie dirisha mojawapo kutoka upande wa ndani.

Tulianza darasa tukiwa tumejaa mpaka wengine wanakaa dirishani. Kulikuwa na askari mgambo, mama mwenye duka la vipodozi, wahudumu wa ofisi, na kinyozi aliyetunyoa kwa maneno kila jioni. Kisha maisha yakaanza kuwachukua mmoja mmoja. Huyu kahamishwa, huyu kajifungua, huyu kasema anakuja wiki ijayo na wiki yenyewe haijafika mpaka leo. Kinyozi alikuwa wa mwisho kuondoka. Likabaki darasa la watu wawili, mwalimu na mimi, na mjusi mmoja ukutani ambaye kwa mahudhurio alinishinda.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

"Niko mimi tu, mwalimu."

"Basi wewe ndiye darasa. Darasa, kaeni chini."

Nikakaa chini, darasa zima.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujisomea peke yangu. Nilipanga chumba kimoja nyuma ya karakana, chumba kidogo kiasi kwamba nikitaka kugeuka kitandani ilinibidi nitoke nje kwanza. Huko nilikariri. Jamani, nilikariri! Nilikuwa na mafurushi ya maelezo yaliyotolewa nakala ya nakala ya nakala, mpaka baadhi ya kurasa zilikuwa na madoa tu, na hayo madoa nayo niliyakariri. Maana ya familia, kazi za familia, aina za familia. Mtu mzima, peke yake, Jumapili mchana, anazunguka chumbani akitamka kwa sauti kwamba binadamu hawezi kuishi pasipo wenzake.

Mama yangu anauza mahindi Kibaigwa. Jumapili moja kama hiyo akanipigia simu, nyuma yake malori yakipiga honi na madalali wakigombana.

"Mbona huji mwanangu?"

"Nasoma, mama. Mtihani unakaribia."

"Unasoma nini hicho kisichoisha?"

"Jamii."

"Jamii si ndiyo sisi? Njoo utuone basi."

Nikacheka, naye akacheka. Simu ilipokatika chumba kilikuwa kimya mno hata nikasikia bati likijinyoosha kwa jua.

Mwalimu akanipa jaribio. Nikaandika kwa kujiamini kwa mtu aliyemeza kabati la vitabu. Alipolirudisha, alikuwa ameweka C kubwa kama sufuria.

"Nimekosea wapi, mwalimu?"

"Hujakosea popote."

"Sasa C ya nini?"

"Swali linasema nini mwishoni? Soma."

"Linasema, jadili."

"Wewe umejadili na nani humu ndani? Huyu mtaalamu kasema hivi, umekubali. Mwenzake kasema kinyume, umekubali pia. Ukurasa wa tatu umenikubali hata mimi, na sikusema chochote. Hii ni insha au harusi? Mtu wa A anabisha. Anasema hivi, halafu anajiuliza, je, kama si hivyo? Nenda kabishane na mtu, uje."

Kubishana na mtu. Nilitembea kurudi Kizota nikiliwaza jambo hilo. Nani? Mafundi wenzangu walibishana mpira tu, na ule walibishana kwa spana mkononi. Bosi habishiwi. Mjusi alikuwa na tabia ya kukubali kwa kutikisa kichwa.

Kwa kukosa wa kubishana naye, nikaamua kuongeza saa za kukariri, hata kazini. Hapo ndipo nikafanya ujinga ambao hakuna mtahiniwa mwingine duniani angeweza kuufanya ila fundi wa kuchomelea. Sisi huvaa kofia ngumu yenye kioo cheusi mbele. Ukianza kazi unaishusha ifunike uso, ukimaliza unaipandisha. Mimi nikachukua kipande cha karatasi chenye nadharia za matabaka ya kijamii nikakibandika ndani ya kofia, pembeni ya kioo. Niliona nimegundua chuo kikuu cha kwanza kinachovaliwa kichwani. Tatizo, ndani ya kofia ni giza. Kwa hiyo nilipokwama kwenye tabaka la kati, nikapandisha kofia kidogo nisome, mkono wa pili bado uko kazini. Mwanga ukanipiga machoni, fyaa!

Aliyewahi kuchomwa macho hivyo anajua. Hayaumi wakati ule ule, maumivu yanakusubiri. Kesho yake asubuhi niliamka kama mtu aliyemwagiwa mchanga wote wa mto machoni. Dawa ya mafundi ni vipande vya kiazi kibichi juu ya kope, na viazi vilikuwa kwa mama wa chai.

Mama huyo alikuwa Mhehe kutoka Iringa, mimi Mgogo wa hapa hapa, na watu wetu ni watani tangu mababu walipopigana wakachoka, wakaamua kumalizia kwa maneno. Kila asubuhi alinipokea kwa mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, na matusi matamu, kwamba sisi Wagogo wote ni ombaomba. Banda lake lilikuwa mkabala na karakana, benchi moja, jiko la mkaa, na chapati ambazo ungeweza kuzisikia harufu ukiwa Chemba. Nikafika nikipapasa.

"Mbukwa, ombaomba! Leo umekuja kuomba umefumba macho kabisa? Kazi mmeiboresha."

"Mtani, nipe kiazi. Macho yameungua."

"Si nimesema? Kaja kuomba." Lakini alikwisha kukata. Akanilaza kwenye benchi, akaniwekea vipande mwenyewe, polepole. "Ukifa, viazi vyangu unarudisha."

"Sifi. Nasoma."

"Unasoma na viazi?"

"Nakariri. Nyamaza nisipoteze siku." Nikaanza: "Familia ni taasisi ya msingi ya jamii. Kazi yake ya kwanza ni kumfundisha mtoto namna ya kuishi na watu..."

"Uongo."

"Uongo wa nini? Imeandikwa!"

"Kuchomelea ulifundishwa na baba yako?"

"Na fundi."

"Na kuishi na watu? Maana hilo bado hujafundishwa na mtu. Mtoto wangu mimi matusi yote kayajulia shuleni. Nyumbani tulimpa mawili tu ya kuanzia."

Nikakaa kitako, viazi vikadondoka. Nikamwambia shule nayo ni taasisi, ila inamkuta mtoto amekwisha kujua kusema, kuheshimu, kuona aibu, na hayo kayatoa wapi? Akasema kayatoa kwa bibi, na bibi kwao hakuwa familia, alikuwa serikali. Nikamjibu. Akapinga. Nikamjibu tena, nikaleta familia pana na familia ndogo, nikaleta wale wa mjini wanaolelewa na jirani, nikamleta mtaalamu mmoja, yeye akamfukuza, nikamrudisha. Chai ikapoa. Niliponyamaza kuvuta pumzi nikagundua nimejadili insha nzima nikiwa sioni hata herufi moja.

Tangu hapo huo ukawa utaratibu wangu. Asubuhi nilifika na swali moja kutoka mitihani ya zamani. Nilimsomea, yeye akasema, "Jadili," huku akigeuza chapati, maana neno lenyewe alilipenda, alisema linamfanya ajisikie hakimu. Nikitoa msimamo, anaukanyaga. Mchana wengine wakipumzika, nilichukua chaki yetu ya kupimia na karatasi ya chuma nyeusi, nikaandika hoja zote bila kufungua kitu. Kisha ndipo nikafungua maelezo kuona nilichosahau. Nilichosahau ndicho nilichokirudia kesho yake. Nilichokikumbuka nilikiacha kipumzike. Mafurushi yangu yakaanza kuota vumbi, nami nikaanza kujua kitu.

Usidhani mtani wangu alikuwa mwanafalsafa aliyejificha nyuma ya birika. Nusu ya aliyosema ilikuwa upuuzi mtupu. Alishikilia kwamba umaskini huletwa na kulala na soksi. Lakini upuuzi nao unadai kujibiwa, na nakwambia, ni kazi nzito kumweleza mtu asiyetaka kuelewa kwamba tabaka la mtu halitokani na miguu yake. Ukiweza kumshinda yeye, msahihishaji wa mtihani ni mtoto mdogo.

Jaribio lililofuata nikapata B. Mwalimu akaniangalia juu ya miwani.

"Umempata nani?"

"Mtani, mwalimu."

"Mshike huyo huyo."

Kumshika sikuweza. Zilipokuwa zimebaki wiki chache tu, simu ikampata kutoka Iringa kwamba mama yake hajiwezi. Nilimkuta amekwisha kufunga sufuria kwa kanga, jiko limezimwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona lile jiko bila moto, lilionekana dogo.

"Naenda kumuuguza. Sijui nitarudi lini."

Hapo mtu wa kawaida angesema pole, angesema asante, angesema maneno. Lakini mtani haambiwi asante. Ukimwambia atajua umeugua. Nikasema, "Nenda bwana, tupate hewa safi. Hata mbwa wa Kizota watatembea kwa raha sasa, Mhehe mla mbwa kaondoka."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Ukifeli nakuja kuchukua shati lako."

"Nina moja."

"Hilo hilo."

Nikambebea sufuria mpaka barabarani. Alipoondoka nikarudi, nikakaa kwenye benchi nikiwa na swali langu la siku ile mfukoni. Nikalitoa. Nikalisoma kwa sauti. Upepo ulipita ukachukua majivu ya jikoni, haukusema kitu.

Wiki hizo zilikuwa ndefu. Dodoma ikianza kuingia baridi, jioni huwa na ukimya fulani, kila mtu anaingia ndani kwake na kufunga, na mimi ndani kwangu nilikuwa mimi. Mwalimu naye alipata safari. Hata mjusi sikumwona. Nilijaribu kujadili na nafsi yangu nikakuta ni mtu mpole kupita kiasi, kila nikisema jambo inakubali. Nikaanza kurudia ile tabia ya C.

Kilichonitoa ni ile kofia. Siku moja nimemaliza kuunga bawaba, nimeishusha kofia usoni kwa mazoea tu, nikasema mle gizani: "Dini huunganisha jamii." Sauti yangu ikarudi nzito kama ya mtu mwingine. Nikapandisha kofia, jua likanipiga, nikajikuta nasema kwa sauti ya Kihehe: "Uongo! Mbona majirani zangu wawili hawasalimiani kwa sababu ya hiyo hiyo dini?" Nikashusha. Nikajibu. Nikapandisha. Nikabisha. Kofia chini, mtetezi. Kofia juu, mtani. Nilijadili mpaka jasho likanitoka kama niliyekuwa nakimbizwa na tembo.

Bosi akasimama mbele yangu. "Unaongea na nani?"

"Na mtani wangu, bosi."

"Si yuko Iringa?"

"Ndiyo maana naongea kwa sauti."

Akanitazama, akaitazama mashine ambayo nilikwisha kuizima zamani, akaondoka taratibu, kama mtu anayetoka kwenye chumba chenye nyoka. Kuanzia hapo mafundi wenzangu waliniacha nile peke yangu. Sikuwalaumu. Kofia chini, kofia juu, kila siku, mada zote, mpaka Mei ikafika.

Siku ya mtihani nilivaa shati langu lile moja. Ukumbini tulikaa mbalimbali, kila mtu kwenye kisiwa chake, na kwa mara ya kwanza katika kipindi chote hicho niliona watu wengi walio wapweke kama mimi, nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe. Karatasi ikagawiwa. Swali la lazima lilisema, kwa maneno yake, kwamba jina ambalo jamii humbandika mtu ndilo humfanya awe vile alivyo. Mwisho wake, lile neno letu.

Upande wa kwanza niliuandika kama maji. Mtoto akiitwa mwizi kila siku, walimu wanamchunga kama mwizi, majirani wanaficha vitu, mlango wa kazi halali unafungwa, mwisho anaona afadhali aibe kweli. Safi. Nikageuka kupinga. Tupu. Kalamu ikasimama. Bila mimi kujua, mkono wangu ukapanda, ukashika hewa mbele ya paji la uso, ukasukuma juu.

"Wewe!" Msimamizi, dada mmoja mwenye viatu vinavyolia, alikwisha kufika. "Una nini kichwani?"

"Sina kitu, mwalimu."

Jibu baya hilo kwa mtu aliye katikati ya mtihani. Pembeni mtu akakohoa kicheko. Dada akainama akachungulia nywele zangu, akapitisha kidole, akakitazama.

"Hii nini?"

"Vumbi la chuma. Mimi ni fundi."

"Na huo mkono?"

"Mazoea tu."

"Mikono mezani. Nikiuona tena juu, nachukua karatasi yako."

Akasimama hapo hapo nyuma yangu. Mikono ikabaki mezani kama imechomelewa. Dakika zikawa zinapita, nazisikia kwenye viatu vyake. Nikaliona lile dirisha la bweni kule mlimani, nami niko nje, juu ya ngazi, milele. Sina kofia, sina benchi, sina mtu. Nikafumba macho, maana hilo halikukatazwa. Kukawa giza kama lile la ndani ya kofia, kama lile la chini ya viazi.

"Uongo," akasema mtani kichwani mwangu. Namna ile ile, chapati ikigeuzwa. "Nimekuita ombaomba kila asubuhi. Umewahi kuniomba nini, ukiondoa viazi?"

Nilitaka kucheka nikajizuia kwa kuuma shavu. Nikaandika. Kwamba si kila jina lina nguvu sawa. Inategemea anayelitoa ana uwezo gani juu yako, na kama nawe umepewa nafasi ya kumrudishia lako. Askari akikuita mwizi, jina linakuja na pingu. Mtani akikuita ombaomba, linakuja na chai, na wewe una lako la kumrudishia, na nyote wawili mnajua mpaka uko wapi. Kwa hiyo utani ni mahali ambapo jina hubandikwa kila siku na halishiki. Nikaandika na udhaifu wa hoja yangu mwenyewe: kwamba jina la mzaha likitoka nje ya benchi na kuingia ofisini, huacha kuwa mzaha. Kisha nikapima pande zote mbili, nikahukumu. Kengele ilipolia nilikuwa naweka nukta.

Matokeo yalitoka Julai, Jumamosi mchana. Karakana ilikuwa imefungwa, nimebaki mimi na upepo. Nikaangalia kwenye simu. Sosholojia: A. Nikazima simu nikaiwasha, ikawa bado A. Nikaruka juu, nakwambia nusura nishike waya wa umeme, nikapiga kelele moja ambayo nina hakika ilisikika Kongwa. Kisha nikageuka kushoto na kulia nikitafuta wa kumkumbatia. Palikuwa na geti lililosubiri rangi.

Nikampigia mama. Akapiga vigelegele katikati ya soko mpaka dalali akauliza kuna nini, kisha akasema, "Sasa jamii imeisha, utakuja?" Nikasema kesho, mama, kesho asubuhi.

Baadaye nikavuka barabara. Banda lilikuwa limebaki nguzo. Bati mtu alikwisha kulichukua. Benchi lilikuwepo. Nikakaa nikapiga namba ya Iringa. Ikaita muda mrefu.

"Nani?"

"Mtani."

"Yupi? Ninao wengi, wote ombaomba."

"Wa viazi."

Nyuma yake nikasikia mtu mzima akikohoa, kijiko kikigonga kikombe.

"Mama anaendeleaje?"

"Anakunywa uji. Sirudi leo wala kesho. Sema, shati langu liko wapi?"

"Shati hupati. Nimepata A."

Nikasikia pumzi yake ikipanda, kama mtu anayeinua kitu kizito, na sauti ilipotoka ilikuwa imelowa, lakini alijikaza nayo, akaifanya ya hakimu.

"Jadili."

Nikajiweka sawa kwenye benchi tupu, nikakohoa, nikaanza.